Baridi inapozidi, kwa nini ukinzani hupanda?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na huwaeleza wanafunzi kwamba metali ikipozwa ukinzani wake hupungua, kwa kuwa mitetemo ya atomi hupungua. Mwanafunzi mmoja amesoma kwamba waya wenye upana wa makumi ya nanomita ukipozwa hadi karibu na sifuri halisi (baridi ya mwisho kabisa, nyuzi 273 hivi chini ya sifuri ya Selsiasi), ukinzani huacha kushuka na wakati mwingine huanza kupanda. Ikiwa atomi zimekwisha kutulia, elektroni zinazuiwa na nini? (Mwalimu, Iringa)

JIBU: Mwalimu, unachofundisha ni sahihi, ila kinaeleza chanzo kimoja tu cha ukinzani. Mitetemo ikishafifia hubaki vizuizi visivyojali baridi: atomi ngeni, mipaka ya fuwele ndogondogo, na kingo za waya wenyewe. Katika dhahabu, hata kwenye halijoto ya chumbani, elektroni husafiri wastani wa nanomita 40 hivi kabla ya kugongana na kitu, kwa hiyo katika waya mwembamba kiasi hicho kingo haziko mbali kamwe. Hiyo ndiyo sababu ya ukinzani kuacha kushuka. Kupanda kwake kuna maelezo mengine.

Elektroni ni wimbi pia, na mgongano na kizuizi kilichotulia huigeuza njia bila kuipotezea awamu, yaani hatua ambayo wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake. Wanaoiharibu awamu ni mitetemo na elektroni nyingine, na athari zao hupungua kadiri baridi inavyoongezeka, hivyo kwamba chini ya kelvini 1, yaani nyuzi moja tu juu ya sifuri halisi, katika metali safi, elektroni huweza kupita vizuizi vingi, umbali wa mikromita kadhaa, awamu yake ikiwa bado imehifadhika. Sasa chukua njia inayozunguka na kurudi ilipoanzia. Wimbi huipita kwa pande zote mbili, na kwa kuwa urefu ni uleule, sehemu zake mbili hukutana zikiwa na awamu moja na kuimarishana. Uwezekano wa elektroni kurudi ilikotoka huongezeka, uwezekano wa kusonga mbele hupungua, na ukinzani hupanda, ingawa kwa kiasi kidogo.

Njia ya kulithibitisha hili ni uga wa sumaku. Uga unaopenya kitanzi hicho huiongeza awamu upande mmoja na kuipunguza upande wa pili, kuimarishana huvunjika, na ukinzani hushuka. Hata hivyo, katika metali za atomi nzito, dhahabu ikiwamo, spini ya elektroni (tabia inayoifanya iwe kama sumaku ndogo) huvurugwa njiani na matokeo hugeuka kinyume: uga huupandisha ukinzani. Gerd Bergmann alilionyesha hili mwaka 1982 kwa kuweka atomi chache za dhahabu juu ya utando mwembamba wa magnesi.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 1985, ambapo Richard Webb na wenzake katika maabara ya IBM huko Yorktown Heights, Marekani, walitengeneza pete ya dhahabu yenye kipenyo cha takriban nanomita 800 na kuipoza hadi sehemu ndogo ya kelvini. Walipoongeza uga, ukinzani ulipanda na kushuka kwa mpangilio, duru moja kila mtiririko wa sumaku (jumla ya uga unaopenya pete) ulipoongezeka kwa kiasi cha thabiti ya Planck ikigawanywa kwa chaji ya elektroni moja. Chembe inayopita upande mmoja tu wa pete isingeweza kutoa mpangilio huo.

Nakutahadharisha, hata hivyo, usimwambie mwanafunzi kwamba kila ongezeko lina chanzo hiki. Huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1934, ukinzani wa dhahabu ulionekana ukipanda katika baridi kali ingawa nyaya zilikuwa za kawaida, na maelezo yalikuja mwaka 1964 kutoka kwa Jun Kondo wa Japani: ni atomi ngeni zenye usumaku, kama vile za chuma, zinazogeuza spini za elektroni zinapogongana nazo. Atomi chache za aina hiyo katika kila milioni hutosha pia kuifuta awamu, ndiyo maana maabara zinazopima nyaya hizi huhangaikia usafi wa metali kabla ya kuhangaikia baridi.