Uliza mnalala jengo gani

SWALI: Shikamoo shangazi. Tunaishi Houston. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Tanga. Ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Mume wangu anataka tumpeleke Natchez, Mississippi, tulale siku mbili kwenye nyumba ya kale iliyogeuzwa nyumba ya wageni. Picha zinapendeza, ila najua zilikuwa nyumba za mabwana wa pamba na watumwa wao. Twende kweli?
Msomaji, Houston

JIBU: Marahaba mwanangu. Nendeni. Ila kabla ya kulipa, piga simu uulize: chumba chetu kiko jengo gani?

Nakwambia kwa yaliyonikuta. Nililala mji huohuo, chumba cha uani cha matofali, kimetangazwa kuwa chumba cha bustani. Kisafi, kimya, shuka zimenyooka. Asubuhi niko barazani na chai yangu, mtunza bustani akaniambia kuwa pale palikuwa jiko, na watumwa wakilala humo. Nikarudi ndani nikaupapasa ukuta. Karibu na dirisha, tofali moja lina alama za vidole vitatu, vimezama lilipokuwa bichi. Vyembamba, vya mtoto. Nilitia vyangu, havikuenea. Kulala pale hakukuniudhi. Kilichoniuma ni kufichwa. Ningejua, ningewaombea dua kwanza.

Sasa, magoti ya mama. Nyumba kubwa zile zina ngazi ndefu, na vitanda vyake ni virefu kama vya besera vya kwetu pwani, unapanda kwa kijingazi. Bafu nazo, kingo zake juu. Chumba cha chini uani ndicho kitakachomfaa, na huenda ndicho chenye historia hiyo. Mwambie kabla hamjafika, aamue mwenyewe. Wazee wetu hawavunjiki kwa kuambiwa ukweli.

Chakula: semeni mapema kwamba hamli nguruwe, maana hata vile vimkate laini wanavyoviita biskuti huenda vimekandwa kwa mafuta yake. Ule uji mzito wa mahindi, grits, mama ataupenda.

Msiishie kwenye majumba. Nendeni Forks of the Road, palipokuwa soko kubwa la watumwa hadi 1863. Leo ni sehemu ya hifadhi ya taifa. Hakuna jengo, ni nyasi tu, na pingu za chuma zilizozamishwa kwenye saruji chini ya miguu yako.

Na mpe mama habari za Abdul Rahman Ibrahima, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, Gine ya leo. Aliuzwa Natchez mwaka 1788 kwa mkulima Thomas Foster. Mwaka 1807, akiuza viazi karibu na mji huo, alikutana na John Cox, daktari aliyewahi kuuguzwa kwao Futa Jallon. Wakatambuana! Daktari akataka kumnunua amwachie huru, Foster akakataa. Uhuru ulikuja 1828, baada ya miaka 40. Mwaka uliofuata akavuka bahari hadi Liberia, akafa kwa homa kabla ya kufika kwao Timbo.

Mama atataka kumsomea Fatiha. Tengeni muda, msimharakishe.