Barua kwa mwanangu: homuweki ya mume wangu

Mwanangu, vois yako nimeisikiliza yote, hadi pale mjukuu wangu, huyo mume wangu, analia nyuma na wewe unamfokea "neno gani hili, hili hapa!", nikaona nikijibu kwa vois ntajikwaa bora nikuandikie. Umeuliza mawili, kwanini homuweki kila usiku inaisha kwa vilio, na kama ni kweli anavosema mwenzio kwamba kusoma Kiswahili hapo nyumbani muache kabisa maana mtoto yupo ingilishi midiamu.

La kwanza angalia saa. Mtoto wa darasa la pili kaamka alfajiri, karudi saa tisa, saa kumi yuko chuoni, madrasa, akitoka magharibi ishaingia, aoge, ale, ndo saa mbili na nusu unamfungulia daftari na tivii inapiga kelele, hapo hata mimi ningelia. Akirudi shule ale kwanza, aanze palepale kabla ya chuo, isipoisha amalizie asubuhi. Huko Marekani walimu wengi wana hesabu yao, dakika 10 kwa kila darasa, yani la pili ni dakika 20, we unamkalisha mpaka anasinzia juu ya meza! Zikizidi mwandikie mwalimu kwenye daftari "ameishia hapa", usimmalizie. Na usibishe, yale mahesabu ya juzi nimeyaona, nne ya mume wangu naijua, anaiacha wazi juu kama kiti kilopinduliwa, zile zilofungwa ni zako. Sasa mwalimu akikuta vyema ukurasa mzima atajuaje mtoto kakwama wapi?

Hilo la Kiswahili, mwenzio kakosea na mwambie mama kasema. Kiswahili kinaandikwa kama kinavotamkwa, mtoto akishashika ba be bi bo bu na zile ngumu, mbwa, nywa, ng'o, anasoma chochote hata neno ambalo hajawahi kulisikia, Kiingereza a hiyohiyo ina sauti chungu nzima. Na akijua kusoma kwa lugha anayoielewa, ule ujuzi anahama nao, haanzi upya. Sikukuu ya Idi mtoto alipokuja nilimpa karatasi asome, "mimi" akaisoma "maimai", tukacheka wote, ila sio mjinga yule, anatafuta Kiingereza mahali hakipo kwa sababu hakuna alomkalisha akasoma nae cha kwao.

Kwa hiyo kusoma kutoe kwenye homuweki, iwe kitu mbali. Dakika kumi kabla ya kulala, leo kitabu cha Kiswahili kesho cha Kiingereza, simu iache chumba kingine, na akikwama nyamaza kidogo, hesabu moyoni mpaka tano ndo umsaidie, wewe huwa unamdaka neno mdomoni hajalimaliza. Ukiona anatiririka sana ziba picha na kiganja, umwambie aanze mstari wa chini, hapo utajua anasoma au kakariri (ile hadithi ya sungura kaikariri, nakwambia mapema). Usimuulize maswali kama mtihani, muulize tu yeye angekuwa yule sungura angefanyaje, utachoka wewe kusikiliza.

Vitabu visikusumbue, Taasisi ya Elimu wana maktaba mtandao, vya shule unasoma bure, na hapa mjini maktaba ya mkoa ipo, mpitishe siku mnakuja sokoni. Njiani asome maandishi ya nyuma ya bajaji, ila mengine yale ya mapenzi we mgeuze uso haraka.

Na ule upimaji wa darasa la nne mnaomtishia nao kila siku, jamani yupo la pili, muacheni.

Jumamosi mlete, daftari libaki huko Pongwe, aje na kitabu kimoja alochagua mwenyewe. Na baba yake aje pia, nina neno nae kuhusu hiyo tivii.

Mama'ko, Ngamiani, Tanga