Jibu: Mdogo wangu anavuta bangi kila siku, moyo unamwenda mbio

Mkuu, umeuliza kama bangi inaweza kumletea dogo kiharusi, maana anajitetea kwamba ni jani tu na sigara hagusi. Inaweza. Mwaka 2024 ulitoka utafiti wa Marekani uliohusisha watu wazima zaidi ya 430,000. Wanaotumia kila siku walikuwa na uwezekano wa kupata shambulio la moyo uliozidi wa wasiotumia kwa asilimia 25, na kiharusi kwa asilimia 42. Hatari ilionekana hata kwa wasiowahi kuvuta tumbaku, kwa hiyo hoja ya sigara haimsaidii. Kweli, utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba bangi ndiyo chanzo, ila mimi singecheza nao.

Hayo mapigo unayoyasema yana maelezo. THC, kemikali inayolevya, huharakisha moyo ndani ya dakika chache na presha huyumba. Moshi nao una kaboni monoksidi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Sasa avute msokoto, halafu abebe magunia ya dagaa pale Kibirizi, Kigoma, jua likiwaka: moyo unadai oksijeni zaidi huku damu imebeba pungufu.

Mpeleke hospitali ya Maweni apimwe presha na umeme wa moyo, na daktari aambiwe ukweli kuhusu bangi. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakimkwama au kifua kikibana, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Msikae mkimnywesha maziwa eti bangi imempanda kichwani.