Maswali ya Wasomaji: Timu ya chuo inapokwenda kucheza ugenini

*Ndugu mhariri, sisi ni timu ya mpira wa miguu ya chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Tuna mechi ya kirafiki Morogoro Jumamosi saa 10 jioni, tutalala huko na kurudi Jumapili. Msafara ni watu 24. Wapo wanaotaka treni ya SGR, ile ya reli ya kisasa, wapo wanaotaka tukodi basi dogo la Coaster. Tuchukue ipi? Katibu wa timu, Mabibo.*

Ndugu katibu, anza na uwanja, usafiri ufuate. Kama wenyeji wenu ni SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chuo kile kiko mjini, chini ya milima ya Uluguru, na treni inawafaa sana. Kama ni kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Mzumbe, hapo ni zaidi ya kilomita 20 kutoka mjini kwa njia ya Iringa, wakati stesheni ya SGR iko Kihonda. Watu 24 wenye mabegi, mipira na madumu ya maji hawapandi bodaboda. Itabidi mkodi gari jingine Morogoro, tena kwa siku mbili, na nafuu ya treni inaanza kuyeyuka.

Kwa upande wa fedha, nauli iliyotangazwa treni ilipoanza safari mwaka 2024 ilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, daraja la kawaida. Kwa watu 24, kwenda na kurudi, ni shilingi 624,000. Hakikisheni nauli ya sasa, ongezeni gari la Morogoro, kisha wekeni jumla hiyo kando ya bei ya Coaster.

Faida kubwa ya treni ni miguu. Mchezaji anakaa chini ya saa mbili, anaweza kusimama na kutembea. Kwa barabara ni takribani kilomita 195, basi halitakiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na njiani vimejaa vijiji vyenye alama za 50. Ukijumlisha foleni ya kutoka mjini na kituo kimoja cha kujinyoosha, panga saa nne hadi tano. Anayekuahidi saa mbili na nusu anakuahidi mwendo ambao hupaswi kuwapa vijana wa watu.

Mkichagua treni, kateni tiketi mapema, kwani mwisho wa wiki viti huwahi kujaa. Jina kwenye tiketi lilingane na kitambulisho herufi kwa herufi. Kosa la kawaida ni katibu kuandika majina ya utani ya uwanjani. Kikosi kiwe stesheni saa moja na nusu kabla ya kuondoka, maana kuna ukaguzi wa mizigo, na treni haimsubiri golikipa aliyekwama Ubungo.

Mkichagua Coaster, likagueni siku moja kabla, mchana, si alfajiri ya safari mkiwa na haraka. Chuchumaa kwenye kila tairi. Kuangalia kama ni kipara hakutoshi. Tafuta herufi DOT ubavuni, fuata mstari huo mpaka mwisho: tarakimu nne za mwisho ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona upande wa nje, ziko upande wa ndani. Mpira huzeeka hata kama meno yake bado marefu, na nyufa nyembamba ubavuni ndizo hupasuka kwenye lami ya moto ya Chalinze. Angalia pia tairi la akiba lina upepo, jeki ipo, mikanda inafunga, mtungi wa kuzimia moto haujapita tarehe.

Muulize mwenye gari kuhusu kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Daladala iliyosajiliwa kwa njia za mjini hairuhusiwi kujiamulia kwenda mkoani. Inahitaji kibali cha safari ya kukodiwa. Bila karatasi hiyo mtasimamishwa njiani, na saa yenu ya chakula itaishia kando ya barabara.

Kwenye mkataba iandikwe wazi nani analipa mafuta, nani analipa posho na malazi ya dereva. Kwenda, kurudi na mizunguko ya Morogoro ni kama kilomita 450. Gari likitumia lita moja kwa kilomita 6 hadi 7, ni lita 65 hadi 75 za dizeli. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo mkipatana kabla ya siku hiyo, kubalianeni bei ikipanda nani anabeba. Jazeni Dar es Salaam, ambako mafuta ni nafuu kuliko mikoa ya ndani. Na dereva alale kitandani. Dereva aliyelala ndani ya gari akilinda mabegi ndiye atakayewarudisha nyumbani Jumapili.

Maoni yetu: SUA, treni. Mzumbe, Coaster, muondoke saa 12 kamili asubuhi.

*Mara ya mwisho tulifika uwanjani tukakuta wenyeji wamevaa bluu kama sisi. Tulipewa vizibao vya mazoezi tukavaa juu ya jezi, refa akawa hasomi namba. Tungefanyaje? Meneja wa timu, Kigamboni.*

Ndugu meneja, jambo hilo humalizwa kwa ujumbe mmoja siku tano kabla. Piga picha jezi, bukta na soksi zenu zikiwa zimetandikwa pamoja, pamoja na jezi ya golikipa, mtumie meneja wa wenyeji, naye akutumie zake. Watu husahau soksi, na soksi ndizo refa anazotazama miguu miwili inapogombea mpira. Golikipa lazima atofautiane na wachezaji wote na waamuzi. Refa naye huvaa nyeusi mara nyingi, kwa hiyo golikipa wa kijivu kilichokolea ni tatizo jingine.

Hata mkikubaliana, safiri na seti ya pili, moja nyeupe au ya njano. Na katika ujumbe huohuo malizeni mengine: mechi ni dakika 90 au 80? Wa akiba wangapi, na aliyetoka anaweza kurudi? Waamuzi wanalipwa na nani? Mpira ni wa nani? Mechi ya kirafiki haina kanuni za mashindano za kuwaokoa, mna maneno yenu tu, nayo yawe yameandikwa.

Beba mipira yako ya kupasha misuli, saizi 5, pampu moja na sindano tatu, kwa kuwa sindano huvunjika. Usiijaze Dar es Salaam na kuifunga kwenye keria juani. Hewa hupanuka kwa joto, mpira unafika mgumu kama nazi. Isafirishe ikiwa laini, ijaze uwanjani, na kama pampu ina geji, kaa kati ya bar 0.6 na 1.1, ndivyo sheria inavyotaka. Kwenye uwanja mkavu wenye vumbi, karibu na 0.7 mpira hutulia vizuri zaidi mguuni.

*Wachezaji wetu hubanwa na misuli kipindi cha pili kila tukisafiri, nyumbani hawabanwi. Ni maji? Kocha msaidizi, Tabata.*

Kocha, maji ni sehemu tu. Safarini mambo matatu hukutana: mchezaji hanywi maji asiombe gari lisimame, anakaa amekunja magoti saa nne, halafu anakula vibaya na kwa kuchelewa. Kisha anaingia kwenye jua la Morogoro akikimbia kuliko kawaida, kwa sababu ni ugenini na anataka kuonekana. Misuli iliyochoka hubana hata ikiwa na maji.

Maji yaanze jana yake. Siku ya safari kila mtu awe na chupa yake ya lita moja na nusu, anywe kidogo kidogo, na gari lisimame katikati ya njia, dakika 15, wote washuke watembee. Hesabu lita 3 kwa mtu hadi mechi iishe, yaani lita 72 kwa watu 24. Madumu manne ya lita 20 yanatosha na kubaki. Kwa mapumziko tayarisha ORS, unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, pakiti moja kwenye lita moja ya maji. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza nguvu; wataharisha.

Mlo mkubwa uwe saa 6 mchana kwa mechi ya saa 10: wali au ugali, maharage kidogo, samaki au kuku asiye na mafuta mengi. Chipsi mayai na mishkaki ya njiani isubiri mechi iishe. Mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Saa 8 na nusu, ndizi mbivu moja moja. Agizeni chakula kwa simu jana yake mkitaja idadi na saa, kwani mgahawa unaoona watu 24 wakiingia ghafla ndipo unapoanza kuosha mchele.

*Mashabiki wanaweza kupanda na ngoma kwenye gari la wachezaji? Mwanafunzi, Mbezi.*

Hapana. Wachezaji walale njiani. Mashabiki wachukue basi la abiria pale kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, washuke stendi ya Msamvu, Morogoro, ngoma ziende nao.

*Mchezaji akiteguka kifundo ugenini, tumkande kwa maji ya moto au barafu? Mtunza vifaa, Sinza.*

Barafu, ndugu yangu. Maji ya moto na kuchua kwa nguvu siku hiyo huongeza uvimbe. Funga barafu kwenye kitambaa, isiguse ngozi, dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili au tatu. Funga bendeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kupanda juu, kisha bonyeza ukucha: ukibaki mweupe muda mrefu, umekaza mno. Alaze mguu juu ya begi, juu ya usawa wa moyo.

Mwambie ajaribu kutembea hatua nne. Akishindwa, au akilia ukibonyeza ule mfupa unaochomoza pembeni ya kifundo, apelekwe kupigwa picha usiku huohuo palepale Morogoro, asisubiri Dar es Salaam. Ndiyo maana kadi ya bima ya afya na kitambulisho cha kila mchezaji vikae kwenye bahasha moja mikononi mwako, wala visibaki hosteli Dar es Salaam. Jumapili mpe kiti cha nyuma kabisa, kile kirefu, anyooshe mguu.