Muulize Fundi: Tovuti ya kikundi imezeeka, tuanzie wapi?

SWALI: Mwanangu fundi, hujambo. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama huku Uru, juu ya mji wa Moshi. Tunalima kahawa kwenye vihamba vyetu, tunaikaanga wenyewe na tunatembeza wageni shambani. Mwaka 2011 kijana wa Kijerumani aliyekuja kujitolea alitutengenezea tovuti, na kwa kweli ilitupendeza. Juu kulikuwa na picha zinazopita zenyewe. Sasa pamebaki boksi la kijivu. Muziki uliokuwa ukipiga umenyamaza. Ukifungua kwa simu, maandishi hayasomeki hata kwa miwani. Binti wa mwenzetu anayesoma chuo Arusha anasema tufute yote, tuweke mpya ya kijani na dhahabu yenye lugha tano. Fundi mmoja wa mjini ametaka milioni mbili na nusu, nusu tutangulize. Fedha tuliyo nayo ni ya mauzo ya msimu uliopita, na si nyingi. Kijana yule alisharudi kwao, tumebaki na barua pepe yake tu. Tuanzie wapi?
Katibu, Uru

JIBU: Shikamoo mama. Hiyo nusu msiitangulize kwanza, na habari ya kijani na dhahabu iwekeni pembeni. Rangi huchaguliwa mwisho, wakati hakuna tena cha kubishania.

Kabla ya yote mjue jina la tovuti yenu liko mikononi mwa nani. Sisemi kurasa, nasema lile jina lenyewe linaloishia na .org, ambalo hulipiwa kila mwaka. Kuna huduma ya bure mtandaoni iitwayo whois: unaandika jina la tovuti, inakuonyesha limesajiliwa kupitia kampuni gani na muda wake unaisha lini. Jina la mmiliki mara nyingi hutaliona, maana tangu sheria ya faragha ya Ulaya ianze kutumika mwaka 2018 wasajili wengi wanalificha. Nimeliangalia la kwenu. Limesajiliwa Ujerumani na bado liko hai. Maana yake kuna mtu amekuwa akililipia miaka yote hii bila kuwaambia, na sidhani kama ni mwingine zaidi ya kijana wenu.

Kwa hiyo mwandikieni leo, na barua ianze na asante. Kisha mwombeni mambo matatu: msimbo wa kuhamishia jina, nakala ya mafaili yote ya tovuti, na barua za wageni. Hili la tatu msilisahau. Nilifungua msimbo wa ukurasa wenu wa mawasiliano nione ile fomu inapeleka ujumbe wapi. Haupelekwi kwenu, unakwenda kwake. Huenda kuna watu walioandika kutaka kununua kahawa wakaona mko kimya, wakanunua kwingine.

Akijibu, jina lihamishwe na kusajiliwa kwa jina la kikundi. Si kwa jina la fundi, si la binti wa chuo, wala si lako mama, samahani. Katibu hubadilika, na fundi huhama mji. Asipojibu, mnaweza kusajili jina jipya kupitia wakala aliyeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania: .or.tz ni kwa ajili ya asasi, .co.tz ni kwa wafanyabiashara, na kwa kuwa mnauza kahawa mnaweza kufikiria hilo la pili. Malipo yake kwa mwaka ni makumi ya maelfu ya shilingi, hayafiki mamilioni. Hata hivyo lipiganieni la zamani. Wapo watu wanaoishi kwa kuokota majina yaliyoachwa yaishe muda. Nimewahi kufungua anwani ya shule ninayoifahamu nikakaribishwa kubeti mpira.

Sasa hilo boksi la kijivu. Hiyo ni Flash, programu ya zamani ya kampuni ya Adobe ya kuonyesha picha zinazotembea. Adobe waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikawa inakataa yenyewe kuonyesha kitu. Kwenye iPhone haikuwahi kufanya kazi hata siku moja, hivyo tangu mwanzo kuna wageni ambao hawakuziona hizo picha mlizojivunia. Muziki wa kujipigia wenyewe, kivinjari cha Chrome kilianza kuuzuia mwaka 2018, na hapo mimi niko upande wa Chrome. Mwaka huohuo kikaanza kuandika kwamba tovuti kama yenu si salama, kwa sababu haina cheti cha usalama. Cheti hicho hutolewa bure na shirika liitwalo Let's Encrypt, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hukiweka zenyewe. Fundi akiwaandikia laki mbili kwa ajili ya cheti peke yake, mwulizeni ni cha nini. Na ile sentensi ya chini kwamba tovuti inaonekana vizuri zaidi kwa kivinjari cha Internet Explorer iondoeni. Microsoft wenyewe waliistaafisha Juni 2022.

Hayo ni ya fundi. Yanayofuata ni ya kwenu, na ndiyo yatakayoamua kama fedha ya kahawa imetumika vizuri.

Nimesoma kurasa zenu zote kwa simu, kwa kuvuta na kukuza kila mstari. Nyingi zinasema jambo lilelile: sisi ni akina mama wenye bidii, karibuni sana. Hakuna anayebisha. Lakini mfikirieni mgeni aliyeko hosteli Moshi mjini saa moja jioni. Ameshuka mlimani jana, magoti yanamuuma, ana siku moja kabla ya ndege. Anataka kujua kama kesho mnatembeza wageni, saa ngapi, bei ya mtu mmoja na bei ya watu wanne, kama chakula kimo, na anafikaje huko: apande daladala au achukue bodaboda, na ashukie wapi. Hayo hayapo popote, isipokuwa bei ya 2011, ambayo nadhani hamtaki mtu aje ameishikilia mkononi.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, ambao kiungo chake ni kidogo na kimejificha chini ya hesabu ya wageni. Humo bibi mmoja wa kikundi anaeleza kahawa kwa maneno yake. Kuchuma yaliyoiva mekundu tu na kuyaacha mabichi yasubiri. Kumenya kwa mashine ya mkono. Kuloweka mpaka ute uachie, kuosha, kuanika juani kwenye kichanja na kuigeuza kila mara. Kukoboa kwa kinu na mchi, kupepeta kwa ungo, kukaanga kwenye sufuria juu ya mafiga huku mnanusa kuliko mnavyotazama. Anasema binti asiye na subira huiunguza. Mama, hiyo ndiyo tovuti yenu! Nyingine zote ni makaratasi. Huyo bibi kama yupo, mwambieni asimulie tena; mpigeni picha moja kwa kila hatua, mikono yake ionekane, na ukurasa huo uje mbele.

Hapohapo semeni ukweli wa msimu. Mavuno ya kwetu kaskazini ni kati ya Julai na Desemba. Mgeni wa Aprili atakuta matunda ya kijani na njia ya matope, aandikiwe hivyo na ashauriwe viatu. Atakuja tu, na hatawalalamikia.

Ukurasa wa watoto utoke. Mna picha za watoto wa shule ya jirani, majina yao kamili, na nani ni yatima. Najua nia ilikuwa njema na siku zile kila asasi ilifanya hivyo. Leo tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Hata kama isingekuwepo, watoto wale sasa ni vijana wanaotafuta kazi, na mwajiri akiandika majina yao Google anakutana na umaskini wao wa darasa la pili.

Kuhusu lugha tano, hapana. Wekeni Kiingereza na Kiswahili, basi. Hizo nyingine tatu zitatafsiriwa na mashine na hakuna kati yenu atakayejua imeandika nini. Kiswahili nacho kisiwe tafsiri ya Kiingereza. Kiandikeni kwa ajili ya watu wenu: Desemba, Wachagga wanapopanda nyumbani kutoka Dar, Mwanza na Dodoma, nyumba zinajaa wakwe na marafiki wasiojua la kufanya tarehe 27. Huyo hahitaji kuelezwa Kilimanjaro ni nini. Anahitaji bei ya Mtanzania kwa shilingi, kujua kama watoto wanaruhusiwa, na kama anaweza kuondoka na kilo mbili zilizosagwa. Kwa kadiri ninavyoona, hilo soko hamjawahi kuligusa.

Picha zipunguzwe uzito. Picha ya simu ya leo ina megabaiti tatu mpaka sita, na ninyi mnataka kuweka kumi kwenye ukurasa mmoja. Hilo ni bando la mtu. Upana wa pikseli 1600 unatosha, na kila picha isizidi kilobaiti 200. Fundi anayejua kazi hatauliza maana yake.

Mkifika kwenye makubaliano na huyo wa mjini, mwambieni mnataka kurasa tano zilizojengwa kwa kioo cha simu kwanza, namba ya WhatsApp inayobonyezeka kila ukurasa, na mchana mmoja wa kuwafundisha watu wawili kubadilisha bei na picha. Kwa kazi hiyo milioni mbili na nusu naiona kubwa, labda kama kuna mwaka mzima wa matengenezo na ada ya kuhifadhi tovuti ndani yake. Lipeni kwa awamu: kidogo mwanzo, kidogo mkiiona inafanya kazi kwenye simu zenu wenyewe, iliyobaki mkishakabidhiwa paswedi zote. Zote ni tatu: ya jina, ya hifadhi, ya tovuti yenyewe. Mmeniambia kwenye barua ya pili kwamba mna kikoba chenye sanduku la kufuli tatu. Ziandikeni kwenye karatasi, tieni bahasha, mkaiweke humo.

Na binti wa chuo msimwache nyuma. Mpeni kazi ya picha na kumrekodi bibi. Kijani anaweza kukiweka kwenye vichwa vya habari.

SWALI: Fundi, mambo. Nina gereji Kijenge, Arusha. Wateja wananipata Instagram na kwa kuambiana. Jamaa ananishawishi nifanye tovuti upya, ile ya zamani ilikufa miaka mitatu iliyopita na sikuona hasara. Nifanye?
Mwenye gereji, Kijenge

JIBU: Poa kaka. Usifanye. Kama ilikufa miaka mitatu na hakuna aliyeulizia, wateja wameshakujibu. Ichukue saa moja ya Jumapili usajili gereji kwenye ramani ya Google, ni bure. Weka saa za kufungua za kweli, namba ya simu, na picha ya geti lako kutokea barabarani, maana Kijenge mtu anaweza kuzunguka nusu saa akitafuta geti la bluu. Ukianza kuuza vipuri kwa watu wa mikoani, niandikie tena.

SWALI: Habari za kazi. Ofisi yetu ndogo ya utalii iko Njiro. Mwezi uliopita tulizindua tovuti mpya ya WordPress, nzuri kuliko ya zamani kwa kila hali. Tangu hapo maulizo yamekatika. Tukiandika jina letu Google tunajikuta kwa shida, na viungo vya zamani vinaleta ukurasa wa kosa la 404. Aliyeitengeneza anasema tuvumilie. Tuvumilie mpaka lini?
Meneja, Njiro

JIBU: Salama. Msivumilie hata leo. Ingieni kwenye mipangilio ya WordPress, ile programu iliyojengea tovuti yenu, sehemu ya kusoma (Reading). Kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukiwekea tiki wakati wa ujenzi, na ni sawa, ili Google isione nyumba haijaezekwa. Tatizo ni kusahau kukitoa siku ya uzinduzi. Nakisia ndicho kinachowasumbua.

La pili ni hizo 404. Kurasa zenu za zamani za njia za kupanda Kilimanjaro, ule wa Machame na ule wa Lemosho, zilitajwa na wageni kwenye mitandao yao kwa miaka, na mmevunja anwani zote kwa usiku mmoja. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwenye ukurasa mpya unaofanana nayo, kwa uelekezaji wa kudumu uitwao 301. Isielekezwe yote kwenye ukurasa wa mwanzo kwa uvivu. Mtu aliyetaka Lemosho apelekwe Lemosho. Kama orodha ya anwani za zamani hamna, zitafuteni kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, mtaziona kurasa zenu zilivyokuwa. Hiyo kazi ni ya fundi wenu na haina malipo ya ziada, kwa kuwa alipaswa kuifanya kabla ya kuzindua. Akimaliza, peleka orodha mpya ya kurasa kwenye Google Search Console, huduma ya Google inayowaonyesha wenye tovuti jinsi anavyoziona, na tazama humo kila wiki ni ngapi zimeshaorodheshwa.