Koo linalowasha halina jibu, mwanangu

"Shangazi, nina miaka 33, nauza nguo Wete. Wiki sita zilizopita nilivuka Dar kuchukua mzigo, shetani akanipitia na mwanamke mmoja kwenye gesti yetu ile ya siku zote. Kondomu ikapasuka. Siku ya pili tu koo likaanza kuwasha. Sasa nina vipele kifuani, usiku natoka jasho, kila alfajiri najimulika ulimi kwa tochi ya simu. Mke wangu ana mtoto wa miezi saba, ni mkali, kazi yake kununa. Nimekutana naye mara mbili asije akashuku. Je, hizi ni dalili za VVU? Kupima hapa naona haya, kila mtu ananijua."

Pole kwa usingizi uliokukimbia. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona koo na ulimi. Mara ya pili nikaona "gesti yetu ile ya siku zote". Mwanangu, shetani hampitii mtu kila safari katika nyumba ile ile. Wewe una mtu Dar, na sidhani kama kondomu ilivaliwa kila mara. Mara ya tatu nikamtafuta mkeo. Umempa mstari mmoja, nao wa kumsengenya.

Dalili za mwanzo za VVU, kwa anayezipata, huja wiki ya pili hadi ya nne: homa, koo, tezi kuvimba, vipele, mwili kuuma. Koo la siku ya pili si lake. Lakini usishangilie, kwani homa na koo ni vya maradhi chungu nzima, vipele huenda vikawa harara tu, na wapo walioambukizwa wasione hata mafua. Ulimi hauwezi kukujibu, hata uumulike mpaka jua lichomoze.

Kinachojibu ni kipimo. Ungewahi hospitali ndani ya saa 72 ungeweza kupewa dawa za kinga za siku 28. Muda huo umeshapita. Pima wiki hii. Kikitoka hasi, rudia itakapotimia miezi mitatu tangu ulipolala mara ya mwisho na yule mwanamke, nami nasema mara ya mwisho ya kweli, si ile ya kwenye barua. Kama Wete unaona haya, panda gari ya Chake, au nenda Mnazi Mmoja, Unguja. Dar mbona unafika?

Lililonitia uchungu ni hili la kukutana na mkeo "asije akashuku". Umeutumia mwili wake kuficha siri yako, na mwenyewe ananyonyesha! Mtu akiambukizwa, wiki zile za mwanzo virusi hujaa mno mwilini, na maziwa yanaweza kumfikishia mtoto. Unasema ananuna. Ananuna kwa sababu ameshaona: simu inalazwa kifudifudi, mume anaamka alfajiri kujikagua mdomo. Niko upande wake.

Wanaume wa mzigo siku hizi mnadhani boti ikishaipita Chumbe, ndoa imebaki bandarini. Bibi harusi tunamfungia na kungwi, afunzwe kumtunza mume. Bwana harusi anaulizwa mahari basi, hakuna anayemkalisha chini kumwambia namna ya kumtunza mwana wa watu. Kosa hilo ni letu wazee, nalikubali.

Kuanzia leo usimguse mkeo. Mwambie kabla ya kupima, usingoje jibu likutie ujasiri, maana naye anahitaji kupimwa, na habari ya kunyonyesha aongozwe na muuguzi, isiwe ya kukisia nyumbani. Na huyo wa Dar mwambie apime, naye ana mwili wake. Jibu likiwa chanya, huu si mwaka 1986, walipogundulika wagonjwa wa mwanzo hapa Zanzibar. Anayemeza ARV kila siku mpaka virusi visionekane tena kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kitandani.

Mkeo akitaka kwenda kwao, mkodie gari, wala usimtumie wazee wa kumlainisha. Na akikubali mfuatane Chake, mtoto mpakate wewe.