Anasoma vizuri, lakini haelewi: majibu kwa wazazi wa Kigoma

Tangu shule zifunguliwe nimepokea maswali mengi ya wazazi na walezi wa hapa mjini. Nimechukua sita. Nayajibu kwa yale niliyojifunza katika miaka yangu ya kufundisha darasa la kwanza na la pili.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tatu. Anasoma haraka mpaka majirani wanamsifu, lakini nikimuuliza kilichoandikwa ananitazama tu. Je, ana tatizo la akili? (Mama, Gungu)

Marahaba mama. Hana tatizo la akili, na nakuomba neno hilo asilisikie kinywani mwako.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika irabu tano na silabi zake, kuanzia ba be bi bo bu mpaka nywa na mbwa, anaweza kulitamka neno lolote, hata lile ambalo hajalisikia tangu azaliwe. Mwekee "mwanasheria mkuu", atalitoa bila kukwama, na bado hajui kama ni mtu au ni mnyama. Mtoto wa Uingereza huhangaika muda mrefu zaidi kabla ya kufika hapo, kwa sababu herufi za lugha yake hubadilika sauti kila mara. Wetu hufika mapema, nasi tunapiga makofi tukidhani kazi imekwisha. Kumbe mtoto amejifunza kutamka tu.

Halafu nyumba nyingi za hapa huongea Kiha. Kiswahili cha kitabuni kina maneno ambayo mtoto hajayakuta sokoni wala mwaloni. Basi usimzuie kukueleza kwa Kiha alichokisoma kwa Kiswahili. Akiweza kukieleza kwa Kiha, ujue amekielewa.

Jaribu hili leo jioni. Mwandikie sentensi mbili: "Mjomba aliona wingu jeusi juu ya ziwa. Akaacha chai yake, akakimbilia kwenye chanja." Usimuulize mjomba aliacha nini, maana hilo atalinakili tu. Muulize: kwa nini alikimbia? Jibu halimo kwenye maandishi. Linatoka kichwani mwa mtoto anayejua kwamba kwenye chanja kuna dagaa wanaokauka, na kwamba wakilowa wataharibika. Akikujibu hivyo, amesoma. Asipojibu, msimulie, kisha kesho mwandikie sentensi nyingine mbili. Ukurasa mmoja wenye maswali matatu ya namna hiyo una faida kuliko kurasa kumi za kukimbia.

Mimi ni mvuvi, niliishia darasa la nne na kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Usiku niko ziwani, mchana nimelala. Mke wangu anasema sisaidii watoto. Nisaidie nini? (Baba, Kibirizi)

Baba, una kitu ambacho watu wa ofisini hawana. Nyinyi wa karabai na taa, mwezi ukiwa mpevu samaki hawakusanyiki kwenye mwanga, mnabaki nyumbani siku kadhaa. Siku hizo zipo kila mwezi, hazikosi. Ziwe za watoto wako. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, najua ilikuwa shida ya chakula na siisahau shida hiyo. Lakini niliona pia akina baba wakikaa barazani na watoto wao jioni baada ya jioni, na watoto wale walibadilika hata kwa kuongea.

Kaa nao utege vitendawili. Hakuna kitabu kinachohitajika. "Nyumba yangu haina mlango." Wakishindwa, wakupe mji. Wakupe Kasulu ukatae, wakupe Kibondo ukatae, mpaka upate mji unaoutaka ndipo useme: yai. Tazama mambo anayojifunza mtoto hapo: kungoja zamu, kufikiri kabla ya kusema, kukubali kwamba ameshindwa bila kununa, na kumsikiliza mwenzake mpaka mwisho. Mengi ya hayo tunayatafuta shuleni kwa fimbo na hatuyapati.

Na usifiche kwamba kusoma kunakupa taabu. Ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu, mpe mtoto akusomee: kiasi gani, kutoka kwa nani, salio ngapi. Akikosea, mwambie arudie polepole. Mtoto anayemsomea baba yake kitu cha maana anajiona mtu mzima. Nawe ukimwambia "nifundishe neno hili", hupungukiwi heshima hata kidogo.

Mtoto wangu wa miaka miwili hatulii mpaka nimpe simu aangalie katuni, la sivyo sipiki. Ni vibaya? (Mama, Katubuka)

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiangalie skrini kabisa, naye wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Sikulaumu, najua moto wa mkaa na mtoto mgongoni. Lakini simu haimjibu mtoto anaposema "ba", na kujibiwa ndiko kunakomfundisha kuongea. Mkalishe pembeni, mbali na jiko, mpe sufuria tupu na mwiko. Wewe ukichambua maharage, mtajie unachofanya: hili bovu, hili zuri, hili jekundu. Atapiga kelele. Ivumilie.

Mwalimu, nalea mjukuu wa miaka minane, mama yake yuko Dar es Salaam. Ameanza kuchukua hela kwenye fundo la khanga yangu, nikimuuliza anaapa hajagusa. Jirani ananishauri nimchape mbele ya wenzake ili aone aibu. (Bibi, Ujiji)

Bibi, nakusihi usifanye hivyo.

Nitakuambia jambo ambalo bado linaniuma. Nikiwa mwalimu mgeni, penseli za mtoto mmoja zilipotea darasani. Watoto wakamtaja mwenzao, nami nikamsimamisha mbele ya wote na kumpekua. Sikukuta kitu. Siku mbili baadaye penseli zilionekana nyuma ya kabati. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile, lakini mpaka mwaka unaisha watoto walikuwa wakimwita mwizi, naye aliacha kunyoosha mkono kujibu maswali. Alikuwa msomaji mzuri kuliko wote. Nilimpoteza kwa dakika tano.

Huyu wako umemkamata kweli, najua. Hata hivyo aibu ya hadharani humfundisha mtoto kujificha vizuri zaidi. Mketishe peke yake, mkiwa mmetulia. Usimuulize "umechukua?" kama tayari unajua kachukua, kwa sababu hapo unamfungulia mlango wa uongo na yeye ataingia. Mwambie: "Najua umechukua shilingi mia tano. Nataka kujua ulizifanyia nini." Kisha nyamaza. Kimya ni kigumu kwetu watu wazima, lakini mpe nafasi.

Mara nyingi utasikia jambo usilolitegemea. Watoto wengine hununua karanga wawagawie wenzao ili wapate wa kucheza nao. Mwingine anajiwekea akiba kimyakimya ya nauli ya kumfuata mama. Wa minane aliye mbali na mama yake anaweza kubeba mambo mengi kuliko unavyodhani.

Lakini hela irudi, hilo usilegeze. Achote maji, aoshe vyombo, apunguze deni kidogo kidogo, nawe mwonyeshe hesabu inavyoshuka. Likiisha, limeisha, usimkumbushe siku ya kugombana. Baada ya hapo mtume dukani na chenji ya kurudisha. Akiirudisha kamili, mwambie umeiona. Na mama yake apigiwe simu siku maalumu ya wiki, mtoto aijue siku hiyo na aingoje.

Kijana wangu wa darasa la tano hataki hadithi. Anapenda meli na mpira tu. (Baba, Mwanga)

Basi asome meli na mpira! Nani alisema kusoma ni hadithi za sungura peke yake? Mnunulie gazeti la michezo mara moja kwa wiki, akusomee msimamo wa ligi na akueleze Yanga au Simba anahitaji pointi ngapi. Hapo kuna kusoma na hesabu pamoja.

Kuhusu meli, anayo moja ya hapa hapa bandarini. Mwanzie wewe habari ya Liemba: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande ndani ya makasha, ikaunganishwa hapa na kuingia majini mwaka 1915. Mwaka 1916, vita ilipowabana, Wajerumani wenyewe wakaizamisha, baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito. Ishie hapo. Atauliza kwa nini mtu apake mafuta meli anayoizamisha. Usimjibu; mpe daftari aandike anavyofikiri, kisha aende akawaulize wazee wa bandarini na mwalimu wake, aandike na majibu yao. Wakati wake ukifika atagundua kwamba ilitolewa majini mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927.

Binti yangu wa miaka sita ana haya sana. Mgeni akija anajificha nyuma yangu, na hana rafiki hata mmoja. (Mama, Buzebazeba)

Usimsukume mbele ya mgeni ukisema "amkia, we mtoto!" Mwamkie wewe kwanza, shikamoo au mwakeye ya Kiha, mtoto akusikie. Mpe kazi ya mikono: amletee mgeni maji. Akikabidhi glasi, salamu hutoka yenyewe siku moja au nyingine. Kuhusu rafiki, usimtupe kwenye kundi la kombolela lenye watoto kumi. Mwite mtoto mmoja wa jirani, mmoja tu, wacheze mdako uani. Kokoto zikirushwa na kudakwa, hakuna anayelazimika kuongea. Wiki ya kwanza watacheza kimya, usiwaingilie.